SOMO LA UFUNDI: CHUMA KISICHOSHIKA KUTU, NA KWA NINI KINASHIKA KUTU



Somo letu safari hii linaanza na kipande cha bomba. Mwanachama mmoja, fundi wa kuchomelea, alikileta kwenye mkutano wa tawi akiwa amekifunga katika gazeti. Kilitoka kisiwani Macaloe, kimoja cha visiwa vya Quirimbas, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Alikuwa ametumwa huko na mwajiri wake kufunga mabomba ya tangi la maji ya kunywa pamoja na vyuma vya kushikilia ngazi ya gati.

Kwa kazi hiyo mwajiri alinunua chuma kile ambacho mafundi wa Msumbiji, kwa kufuata Kireno, hukiita inoksi, na mafundi wa Tanzania na Kenya hukiita stenlesi. Alilipa bei kubwa akijua kwamba chuma hicho hakishiki kutu. Lakini msimu mmoja wa kusi ulitosha. Kila mahali palipochomelewa palikuwa pamegeuka rangi ya kahawia, na mshono mmoja ulikuwa umepasuka na kuvuja maji. Mwajiri akasema fundi ameharibu mali, akamkata mshahara.

Fundi yule alituuliza maswali mawili. La kwanza: chuma kisichoshika kutu kimeshikaje kutu? La pili: kosa ni la nani? Swali la pili haliwezi kujibiwa bila la kwanza. Mfanyakazi asiyejua tabia ya chuma anachokifanyia kazi hawezi kujitetea, hata kama haki ni yake. Kwa hiyo tusome kwa makini.

CHUMA HIKI NI NINI?

Chuma cha kawaida ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Kikipata hewa na unyevu hushika kutu, na kutu yenyewe haimzuii adui. Ni kama ukuta wa udongo uliolowa: hubanduka vipande, na chini yake kutu mpya huanza.

Chuma kisichoshika kutu kimeongezwa kromi, isiyopungua asilimia 10.5 ya uzito wake. Kromi ikikutana na hewa hujifunika papo hapo kwa ngozi nyembamba mno isiyoonekana kwa macho. Ngozi hiyo imeshikana na chuma, haibanduki, nayo huzuia hewa na maji kupita. Ukiikwaruza kwa msumari hujirudisha yenyewe, mradi mambo mawili yawepo: kromi ya kutosha chini yake, na hewa safi juu yake.

Tulishike neno hili, maana somo lote limesimama juu yake. Chuma hiki hakikingwi na ugumu wake wala na bei yake. Kinakingwa na ngozi. Ngozi ikiwa nzima, chuma ni kizima. Ngozi ikiharibiwa na isirudi, chuma hiki kitaliwa kama kingine chochote, na mara nyingine kitaliwa vibaya zaidi, kwa sababu kutu yake haienei juu bali huchimba vitobo kwenda ndani.

Ujuzi huu hauna umri mrefu. Mwaka 1912 wataalamu wa kampuni ya Krupp huko Essen, Ujerumani, waliandikisha michanganyiko ya chuma chenye kromi na nikeli. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi, akatengeneza chuma chenye kromi nyingi ambacho hakikushika kutu. Brearley alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa tanuri la chuma, na yeye mwenyewe alianza kazi akiwa kijana mdogo. Chuma hicho kilitumiwa kwanza kutengenezea visu vya mezani. Leo kimo katika mitambo ya maziwa, viwanda vya samaki na kamba, viwanda vya sukari, hospitali na meli. Kwenye mashine za mkonge, ambako maji ya majani ni makali na hula chuma cha kawaida, sehemu zinazogusana nayo hutengenezwa kwa madini yanayostahimili ukali huo, na chuma hiki ni kimojawapo.

AINA ZAKE

Kosa la kwanza tunalolifanya ni kudhani kwamba stenlesi ni chuma kimoja. Ni ukoo mzima, na kila ndugu ana tabia yake. Hizi ndizo aina ambazo fundi wa pwani atakutana nazo mara nyingi:

1. Aina ya 430. Ina kromi karibu asilimia 17, bila nikeli ya kutajika. Ni rahisi, na hunasa sumaku. Hutumika kwa vyombo vya jikoni na mapambo ya ndani ya nyumba. Si ya kuwekwa ufukweni.

2. Aina ya 304. Ina kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8, ndiyo maana wazee wa karakana huiita kumi na nane kwa nane. Ndiyo inayotumika kuliko zote. Nikeli huifanya iwe nyororo na rahisi kukunjwa, na sumaku haiinasi, au huinasa kidogo tu mahali palipokunjwa. Bara, mbali na chumvi, hudumu miaka mingi. Karibu na bahari hupata madoa na vitobo.

3. Aina ya 316. Inafanana na 304, lakini imeongezwa molibdeni, asilimia 2 au zaidi kidogo. Molibdeni husaidia ngozi kushindana na chumvi. Hii ndiyo ya pwani na visiwani. Sumaku haiwezi kuitenganisha na 304, na kwa macho zinafanana. Tegemea namba iliyopigwa kwenye chuma na karatasi ya kiwandani. Neno la muuzaji halitoshi.

4. Aina ya 2205. Ina kromi asilimia 22, nikeli asilimia 5 na molibdeni asilimia 3. Ina nguvu nyingi na hustahimili chumvi kuliko 316. Hutumika kwenye mitambo ya baharini. Kuichomelea kunahitaji mafunzo maalumu, kwa hiyo leo tunaipita.

Ukiona herufi L baada ya namba, kama 304L au 316L, maana yake ni kwamba kaboni imepunguzwa mpaka asilimia 0.03. Herufi hiyo ndogo ina thamani kubwa kwa mchomeleaji, kama tutakavyoona.

BAHARI INAFANYA NINI?

Ndugu zetu wa Macaloe hawahitaji kuambiwa habari za chumvi. Kusi likivuma, asubuhi unapangusa meza unakuta unga mweupe. Unga huo hukaa juu ya chuma pia, na unyevu wa usiku huugeuza kuwa maji makali ya chumvi. Chumvi ina klorini ndani yake, na klorini ndiye adui mkuu wa ile ngozi. Huitoboa mahali padogo, kisha huendelea kuchimba chini kwa siri. Juu unaona nukta ya kahawia kama kichwa cha sindano, chini kuna tundu.

Mahali pabaya zaidi ni pale ambapo hewa haifiki: chini ya nati, chini ya mpira wa bomba, katika ufa wa mshono usiojaa, au ndani ya ubao uliolowa. Tumesema kwamba ngozi huhitaji hewa ili ijirudishe. Hii ndiyo sababu msumari wa stenlesi uliopigwa ndani ya ubao wa mashua unaweza kuliwa shingoni bila mtu kujua, huku kichwa chake kikiendelea kung'aa nje. Hata 316 haiko salama katika mianya kama hiyo ikiwa chini ya maji ya bahari yaliyotulia.

Basi kuna dawa mbili zisizo na gharama. Ya kwanza ni kuunda kazi isiyo na mianya: mshono ujae, maji yatiririke, pasiwe na vikombe vya kutunza chumvi. Ya pili ni kuosha chuma kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kwa mara. Kule ambako mvua haikipigi chuma, kwa mfano chini ya paa la gati, kutu huanza mapema kuliko juu ya paa.

TABIA YAKE MBELE YA MOTO

Anayejua kuchomelea chuma cha kawaida asifikiri kwamba amekwisha kujua kuchomelea hiki. Kuna tofauti tatu.

Kwanza, hakisafirishi joto upesi. Hupitisha joto kwa kiasi cha thuluthi moja tu ya chuma cha kawaida. Joto unalolitia hubaki palepale kwenye mshono.

Pili, kinapopata moto hutanuka kuliko chuma cha kawaida kwa karibu nusu nzima. Joto likibaki mahali pamoja na chuma kikatanuka sana, matokeo ni kupinda. Fundi aliyezoea chuma cha kawaida hushangaa kuona bati lake limejikunja kama jani kavu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, chuma chenye kaboni ya kawaida kikikaa muda katika joto la kati ya nyuzi 450 na 850 za Sentigredi, kaboni iliyomo huikamata kromi na kushikana nayo kwenye mipaka ya chembe za chuma. Kromi iliyokamatwa haiwezi tena kutengeneza ngozi. Sasa, karibu na kila mshono kuna mstari uliopita katika joto hilo. Mstari huo hubaki maskini wa kromi, na miezi michache baadaye kutu huufuata kandokando ya mshono kama aliyechorewa njia. Dawa yake ni aina ya L, ambayo haina kaboni ya kutosha kufanya uharibifu huo, na kutochelewesha joto mahali pamoja.

HATUA ZA KAZI

Fuateni hatua hizi. Zibandikeni ukutani karakana.

1. Tenga sehemu ya stenlesi na sehemu ya chuma cha kawaida. Cheche za grenda inayokata chuma cha kawaida huruka, hutua juu ya stenlesi na kushika kutu hapo. Vumbi hilo ni mbegu ya kutu.

2. Brashi ya waya iwe ya stenlesi, na iwe ya kazi hii tu. Jiwe la grenda liwe jipya au liwe halijagusa chuma kingine. Ipigwe alama ya rangi ili mwingine asiichukue.

3. Safisha mafuta, rangi na chaki kabla ya kuchoma. Dawa za kusafishia zenye klorini zisikaribie moto wa umeme, kwa maana mvuke wake huweza kugeuka gesi ya sumu inayoua mapafu. Chuma kilichopakwa zinki kiondolewe zinki yote pale kinapounganishwa na stenlesi, la sivyo zinki iliyoyeyuka huingia ndani na kupasua.

4. Chagua kijiti sahihi. Kwa 304 tumia 308L. Kwa 316 tumia 316L. Kwa kuunganisha stenlesi na chuma cha kawaida tumia 309L. Kijiti cha kawaida cha chuma, kama kile kilichoandikwa 6013, kisitumike kamwe juu ya stenlesi. Mshono wake hauna kromi ya kutosha, hushika kutu, tena huwa mgumu na mkavu na kupasuka.

5. Vijiti vikae pakavu. Boksi lililofunguliwa na kuachwa wazi katika hewa ya pwani hunywa unyevu, na kijiti chenye unyevu huacha matundu kwenye mshono.

6. Punguza ampea kuliko ulivyozoea, na fuata kipimo kilichoandikwa kwenye boksi. Moto uwe mfupi. Kwenda mwendo wa moja kwa moja ni bora kuliko kuyumbisha kijiti huku na huku.

7. Shika kazi kwa vipande vidogo vya mshono vilivyo karibu-karibu kabla ya kujaza, na jaza kwa kuruka-ruka ili joto lisikusanyike. Kabla ya kupitisha mshono wa pili subiri chuma kipoe chini ya nyuzi 150.

8. Kwa mabomba ya maji na chakula, upande wa ndani nao una haki. Ukichomelea kwa argoni, tia argoni ndani ya bomba pia, la sivyo mgongo wa mshono utaungua na kuwa kama sukari iliyogandamana. Hapo uchafu na kutu hupata nyumba.

9. Ukimaliza, gonga takataka zote za kijiti uzitoe, kisha ondoa rangi. Ile rangi ya dhahabu, zambarau na bluu kando ya mshono wengi huipenda wakiona ni pambo. Si pambo. Ni ngozi iliyoungua, na chini yake kromi imepungua. Isuguliwe kwa brashi ya stenlesi na msasa safi mpaka chuma ching'ae, kisha kioshwe kwa maji baridi.

Kuna dawa ya kupaka ambayo huondoa rangi hiyo vizuri zaidi, lakini ndani yake mna asidi ya floridi. Asidi hiyo hupenya ngozi ya binadamu mpaka kwenye mifupa, na mwanzoni mtu anaweza asisikie maumivu. Isitumike bila glavu na miwani inayofaa, maji mengi ya kuoshea, na dawa ya kalsiamu ya kupaka iliyo tayari palepale. Kisiwani ambako hospitali ni safari ya mashua, ushauri wetu ni kutumia brashi na msasa.

TURUDI KWENYE BOMBA LA MACALOE

Mbele ya wanachama tuliweka sumaku juu ya kipande kile. Kwenye bomba haikushika. Kwenye mshono ilinasa kwa nguvu. Mshono wa kijiti cha stenlesi unaweza kuvuta sumaku kidogo, lakini si hivyo. Tulimwuliza fundi alitumia kijiti gani. Akajibu: "Kile nilichopewa stoo. Niliomba cha stenlesi nikaambiwa fedha imekwisha kwenye mabomba."

Tuliuliza habari za brashi. Ilikuwa moja tu, ya chuma cha kawaida, iliyotumika kwa kila kazi. Tukaangalia kando ya mshono: rangi ya bluu bado ilikuwapo, haikusuguliwa. Mwisho tuliomba karatasi ya bomba. Ilisema 304, si 316, wala haikuwa na herufi L.

Hesabu ikawa wazi. Aina ya chuma haikufaa bahari: hilo ni la mnunuzi. Kijiti hakikuwa chake: hilo ni la stoo. Brashi haikuwa yake: hilo nalo ni la stoo. Rangi haikuondolewa: hilo ni la fundi, na yeye mwenyewe alikiri mbele ya wenzake kwamba hakujua. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Makosa manne, na mtu mmoja ndiye aliyekatwa mshahara kwa yote manne.

Viongozi wa tawi walikwenda kwa mwajiri wakiwa na bomba, sumaku na karatasi ile. Hawakwenda kupiga kelele. Walieleza kama tulivyoeleza hapa. Fedha zilirudishwa, na kazi ikarudiwa kwa vijiti vya 316L na bomba linalofaa. Tunalisema hili ili wenzetu wajue kwamba ujuzi wa kazi ni sehemu ya kutetea haki. Aidha, fundi akipewa kifaa kisicho sahihi, asinyamaze na kuanza kazi. Aandike, hata kwa mistari miwili, kwamba aliomba kijiti fulani akapewa kingine, atie tarehe, na nakala abaki nayo.

MOSHI

Wakati tunazungumza, tuliona ndugu yetu anakohoa. Alisema ni vumbi. Hatukuridhika, na tunawaomba nyote mlisome sehemu hii mara mbili.

Kromi ile inayokilinda chuma, ikiungua katika moto wa umeme hugeuka kuwa kromi ya namna nyingine, iitwayo kromi sita. Hiyo huingia mapafuni pamoja na moshi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kromi sita katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu tangu mwaka 1990. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika hilo waliuweka moshi wote wa kuchomelea katika kundi hilohilo. Moshi wa stenlesi una pia nikeli, ambayo baadhi ya michanganyiko yake imo katika kundi hilo. Mbali na saratani, kromi sita huleta pumu, vidonda vya ngozi na vidonda ndani ya pua.

Mafundi wafahamu kwamba njia za kuchomelea hazilingani. Kijiti cha kawaida chenye ganda hutoa kromi sita nyingi zaidi, kwa sababu ya madawa yaliyomo kwenye ganda lake. Njia ya argoni hutoa moshi mchache mno. Kwa hiyo mwajiri anayenunua mashine ya argoni hanunui uzuri wa mshono tu, ananunua pia afya ya fundi. Huko Marekani, tangu mwaka 2006, sheria imeweka kikomo cha mikrogramu 5 za kromi sita katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Kiasi hicho ni kidogo kiasi kwamba jicho wala pua haviwezi kukipima. Kusema "sioni moshi mwingi" si kipimo.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii moshi huu, wala barakoa ya karatasi ya vumbi. Kunywa maziwa baada ya kazi, kama wengi tulivyofundishwa na waliotutangulia, hakuondoi kitu mapafuni, kwa kuwa maziwa huenda tumboni. Kinachosaidia ni hiki, kwa mpangilio huu: kuchagua njia yenye moshi mdogo, kuweka bomba la kunyonya moshi karibu na mshono, kufanya kazi mahali wazi huku upepo ukitoka ubavuni, usikupige mgongoni na kuuleta moshi usoni, kutoinamisha kichwa ndani ya moshi, na mwisho kinyago chenye kichujio cha moshi wa metali kinachobana uso vizuri.

Na argoni, iliyo nzuri kwa sababu ya moshi mdogo, ina hatari yake. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, na hukaa chini ya tangi ikiifukuza hewa. Mtu akiingia huanguka bila onyo, na anayeruka kumwokoa huanguka juu yake. Asiingie mtu tangini kabla hewa haijapimwa, na oksijeni isiwe chini ya asilimia 19.5. Mwenzake abaki nje muda wote, akiwa na kamba.

KWA NINI TUNALISOMA SASA

Huenda mfanyakazi wa shamba la minazi au kiwanda cha korosho akauliza: hili lanihusu nini? Linamhusu, na linawahusu watoto wake. Gesi iligunduliwa katika bahari ya Rovuma mwaka 2010. Ili isafirishwe kwa meli hupozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, igeuke kimiminika. Katika baridi hiyo chuma cha kawaida huvunjika kama kioo. Ndugu zake 304 na 316 hubaki wanyororo, kwa sababu ya nikeli. Ndiyo maana mabomba ya kazi hiyo ni ya stenlesi.

Mtambo unaoelea wa Coral Sul, uliotoa shehena yake ya kwanza Novemba 2022, ulijengwa Korea Kusini na kuletwa ukiwa umekwisha kuchomelewa. Mradi wa nchi kavu wa Afungi, karibu na Palma, ulisimama Aprili 2021 baada ya shambulio la mji wa Palma la tarehe 24 Machi 2021, ambalo lilileta vifo na kuwakimbiza maelfu ya watu wetu. Novemba 2025 TotalEnergies ilitangaza kuondoa zuio lile. Kazi ya namna hii inapofunguliwa, husemwa kwamba vijana wa hapa hawana ujuzi, na mafundi huletwa kutoka nje. Tutakuwa na la kujibu iwapo tuna ujuzi na tuna karatasi ya kuuthibitisha.

Mitambo ya namna hiyo humtaka mchomeleaji afanye mtihani kwa kiwango cha kimataifa, kama ISO 9606. Cheti chake huandika njia ya kuchomelea, aina ya chuma na mkao wa kazi aliofanyia mtihani. Aliyefaulu chuma cha kawaida hahesabiwi amefaulu stenlesi. Tena uendelevu wa kazi hutiwa sahihi kila miezi 6. Wengi wetu huacha vyeti ofisini kwa mwajiri, kandarasi ikiisha wanaondoka mikono mitupu. Dai nakala siku ileile unapofaulu.

HAKI ZETU

Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi yenye hatari kubwa iliyo karibu. Mwezi Juni 2022 shirika hilo liliiingiza haki ya mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za wafanyakazi, ambazo nchi zote wanachama zinapaswa kuziheshimu. Msumbiji ina Sheria ya Kazi Namba 13 ya mwaka 2023, Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2007. Sheria zipo. Kazi yetu ni kuzisoma na kuzidai kwa pamoja.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Ni nini kinachoilinda stenlesi isishike kutu, na ngozi hiyo huhitaji nini ili ijirudishe?

2. Katika karakana yenu, je, brashi na mawe ya grenda ya stenlesi yametengwa? Kama hayakutengwa, nani ataanza, na lini?

3. Mwenzenu amepewa kijiti cha 6013 achomelee bomba la 316. Afanye nini kabla ya kuwasha mashine?

4. Moshi katika sehemu yenu ya kazi huenda wapi? Chukueni kipande cha uzi mwepesi, mkining'inize pale mchomeleaji anapokaa, mwone upepo unaelekea wapi. Leteni majibu kwenye mkutano ujao.

5. Ni wanachama wangapi tawini wana nakala za vyeti vyao mikononi mwao?

Yule ndugu wa Macaloe amekwenda kupimwa mapafu, na sasa ndiye anayefundisha vijana wawili wa tawi kusugua ile rangi ya bluu mpaka iishe. Kipande cha bomba kimebaki mezani kwa katibu, pamoja na sumaku. Kila mwanachama anakaribishwa kuja kujionea.